Raporo juu ya « ils parlent »

Nyalukemba, tarehe 5 Februari 1973

Adalbert,

« Mwalimu anayesoma ils parlent na kusema par-len-te hajui Kifaransa, aondolewe katika kalasi. » Ni maneno yako hayo, katika raporo juu ya Georgette, mutoto wangu. Ndipo nikuulize habari: bibi yako na watoto wako huko Lwiro hawajambo? Sisi tuko wazima, isipokuwa yule uliyemufukuza. Hali chakula.

Ni uongo, bwana inspecteur, wewe mukaguzi wa mashule. Georgette anajua kwamba katika ils parlent, yaani « wanasema », mudomo unasema parl', silabi moja, basi; -ent ya mwisho inaandikwa tu. Lakini watoto wake wanaongea Mashi na Kiswahili. Kwao kila herufi inasikika. Ukiwaambia parl', wanaandika parl. Kwa hiyo anawapigisha makofi kwanza: par-len-te, kwa ajili ya mukono unaoandika. Halafu anaweka kidole kwenye mudomo, mwisho wa neno unyamaze, nao wanasoma vizuri. Wewe ulisikia makofi, ukacheka, ukatoka. Kidole hukukiona.

Mukubwa yako,
Placide

Lwiro, tarehe 21 Februari 1973

Yaya Placide, mukubwa wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua tu inatusumbua. Usinitukane kwa karatasi. Ni kweli nilitoka mapema: siku ile tulikuwa na shule zingine tatu, na wenzangu Polycarpe na Venant walikuwa wananingoja ndani ya gari. Lakini sote watatu tulitia sahihi, na raporo imekwenda juu. Nikiibadilisha, watasema ninapendelea mutoto wa ndugu yangu. Umuambie mimi tonton yake, baba yake mudogo, ninamuhurumia. Ajifunze kupiga mashine ya kuandika. Yuko na mikono mizuri.

Mudogo yako,
Adalbert

Nyalukemba, tarehe 24 Februari 1973

Adalbert,

Salamu zimefika. Huruma yako ninairudisha. Kusema uongo juu ya mutoto wa ndugu yako hukuogopa. Ni kusema ukweli ndiko kunakutetemesha!

Jana Georgette alinionyesha kopi ya raporo yote. Nilisoma mustari wa nne kwa sauti: hakuna kosa. Kisha nikautazama kwa macho. « Les élèves répète », ni kama kusema « wanafunzi anarudilia ». Wanafunzi arobaini na wawili, na kitendo cha mutu mumoja! -nt iko wapi? Sikio lako halikuisikia, na kalamu yako haikuikumbuka. Nilimuita Françoise wa jirani, miaka tisa, mutoto wa kalasi ya Georgette, nikamupa dictée: ninasoma maneno hayo hayo, yeye anaandika. Aliandika répètent, akaniuliza: « Papa Placide, ni hilo tu? »

Na ninyi wanaume watatu mulitia sahihi chini ya kosa lile.

Basi, Adalbert, Polycarpe, Venant, ninawaambia ninyi: Jumatatu, tarehe 5 Machi, saa mbili ya asubuhi, mumurudishe Georgette mbele ya kalasi yake. Mukae nyuma, na mutu asitoke mpaka kengele ilie. Kisha muandike raporo ingine, yenye sahihi zenu zote tatu. Na kabla ya kuituma, mumupe Georgette aisahihishe.

Baba ya Georgette