Mlango Usiojiziba

Pito,
Sumbawanga.
16 Juni, 2024.

Mpendwa mwanangu Albina,

Kabla ya salamu nitangulize hili: kilichomuua mwanao Gift nilikijua kabla hajazaliwa, na nilikificha. Ukishindwa kuendelea kusoma, iweke barua chini, mpeleke Jenifa kwa daktari wa moyo, halafu urudi umalizie.

Marahaba kwa shikamoo zote ulizonipa kwenye simu tangu msiba, nami nikizipokea kama mtu anayezistahili. Hujambo? Unapata usingizi? Lutengano amerudi kazini, au bado anashinda ndani? Huku baridi imeshuka kweli, ulezi umevunwa. Mimi nimefika mwisho. Miguu imejaa maji, na nikiandika mstari mmoja napumzika. Padri ameshanipaka mafuta ya wagonjwa. Kwake nimeungama, lakini yeye hana mtoto wa kumpeleka hospitali. Wewe unaye.

Uliniambia kwamba asubuhi ile ulimfokea Gift kwa kuchelewa, ukamtuma sukari, akatoka mbio, akadondoka mlangoni kwa muuza duka. Tangu hapo unasema umemuua kwa mdomo wako. Hukumuua. Nisikilize, nikueleze kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa udaktari kule Dar es Salaam.

Kila chembe ya moyo ina milango midogo sana ya kutolea potasiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye ndizi na viazi. Umeme wa chembe ukipanda, milango hiyo hufunguka. Lakini mlango ninaousema una tabia ya ajabu: ukishafunguka, mdomo wake wa nje hujikaza papo hapo, ukaziba huku mlango wenyewe ukiwa wazi. Kwa hiyo potasiamu nyingi hubaki ndani mpaka pigo linapokaribia kwisha. Hapo ndipo mdomo hulegea, potasiamu ikatoka, moyo ukapumzika.

Kwetu sisi mdomo ule haujikazi. Kosa ni dogo mno, tunazaliwa nalo. Potasiamu hutoka mapema, pigo hukatika kabla ya wakati, na moyo huwa tayari kushtuliwa tena wakati ulipaswa kuwa umetulia. Siku moja badala ya kupiga unatetemeka tu. Mtu anaanguka, na dakika chache baadaye hayupo.

Ndivyo alivyokufa baba yako, mdogo wangu Flavian, shambani. Tukasema malaria imempanda kichwani. Ndivyo walivyokufa wadogo zake wawili. Baada ya kumzika Flavian nilijipima mwenyewe umeme wa moyo pale chuoni, nikaona mistari mifupi kuliko inavyotakiwa. Nikampelekea damu yangu rafiki mmoja ng'ambo, tuliyesoma naye. Majibu yalikuja mwaka 2006.

Miaka mitatu baadaye wakaja wakwe zako kutoka Mbeya kukuposa. Kwa kuwa baba yako hakuwepo tena, mimi ndiye niliyekaa mbele. Unamkumbuka Mzee Ipyana, mjomba wa Lutengano? Alikohoa, akavua kofia.

"Mkwe, binti tumempenda, hilo halina ubishi. Ila wa nyumbani wamenituma niulize. Humu ndani hakuna kuanguka-anguka? Maana tumesikia baba yake alidondoka shambani."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee Ipyana, sisi Wafipa tunaangushwa na pombe ya ulezi tu, na kesho yake tunaamka."

"Basi ileteni hiyo pombe, tuone leo ataanguka nani!"

Nyumba nzima ilicheka. Hata wewe nilikusikia jikoni.

Niliogopa, Albina. Ningesema kweli, mabinti wa ukoo huu wangekaa nyumbani mpaka wazeeke, na mimi ningekuwa msomi aliyeleta aibu kutoka chuoni. Nikajiambia huenda wewe hukuurithi mlango huo mbovu. Uliurithi. Gift asingeupata bila kupitia kwako, na wewe bila kupitia kwa baba yako. Hiyo ni damu, haina kosa la mtu. Kosa ni kunyamaza, nalo ni langu peke yangu.

Jenifa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nao. Asikimbie mashindano ya shule kabla hajapimwa. Mpimwe wote wawili, na barua hii mumpe daktari aisome. Lutengano naye aisome. Akiamua kutokuja kunizika, asilaumiwe.

Mama yako mkubwa Victoria anakusalimu, hajui ninachoandika. Msalimie Jenifa, na wakwe zako wote huko Mbeya, kama bado watapokea salamu yangu. Mungu akuachie huyu mmoja uliyebaki naye.

Mimi ninayekupenda, ingawa sikukulinda,
Baba yako mkubwa,
Fabiani.

Nimeshaweka jina, lakini sijamaliza. Utajiuliza kwa nini ndugu zangu wote walikwenda vijana, mimi nikafika miaka themanini. Parokiani wanasema ni sala. Dawa ipo, mwanangu. Inaitwa kwinidini, humfaa mtu mwenye moyo kama wetu, na ni daktari wa moyo tu anayeruhusiwa kuitoa. Yule rafiki amekuwa akinitumia tangu majibu yalipotoka. Victoria anadhani ni ya presha. Asubuhi ile ya posa nilimeza kidonge changu, nikanywa maji, ndipo nikatoka kuwapokea wageni.