Bahari Siku Moja, Kuku Wanne

Jumanne, mtaani Tena. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo za watoto ziko kwenye kamba siku ya tatu na bado zinanuka ubichi. Nimeamka na hasira, na naiandika hapa kabla sijammwagia mtu asiyehusika.

Hasira yenyewe inaitwa Nasimiyu. Ni wifi yangu, dada ya mume wangu, na anaishi Kisauni, Mombasa.

Mambo yako hivi. Kiwanda cha mabati anakofanya kazi mume wangu, Baba Nafula, kimempa ruhusa ya Ijumaa na Jumamosi, na Jumatatu asubuhi anatakiwa awe langoni. Tutashuka na treni Ijumaa, turudi Jumapili. Ukiondoa safari, bahari imebaki na siku moja tu. Jumamosi.

Hiyo Jumamosi nimeipanga tangu shule hazijafungwa. Nafula ana miaka sita, Wekesa mitatu, na mwenye watoto wa umri huo hawezi kupanga mambo kumi halafu aseme anapumzika. Nilienda kwa Mama Salma, anayeuza viazi karai hapa nje ya geti na amezaliwa Mombasa, nikamuuliza. Akaniambia watoto wadogo hawapelekwi maji yakijaa, wanapelekwa yakikupwa. Bahari ikirudi nyuma huacha vidimbwi kwenye mchanga, maji ya kufika goti la mtoto, yenye vuguvugu kama ya kuogea. Akampigia kakake aliye huko papo hapo. Jumamosi yetu maji yatakupwa saa nne asubuhi.

Basi mpango wangu ulikuwa mfupi. Kuamka bila kuamshwa. Mahamri na mbaazi. Saa tatu na nusu tuko ufuoni, watoto kwenye vidimbwi, mimi nimeketi sifanyi chochote. Jua likichoma turudi walale. Jioni mihogo ya kukaanga, na pilipili na ndimu. Basi.

Kisha mume wangu akatangaza safari kwenye grupu la familia yao.

Watu wake, wa magharibi huko, wana jambo ambalo mimi, mtoto wa mjini, mtaa wa Ziwani, niliyelelewa na mama wa Murang'a kwa chai na mkate, sijalizoea mpaka leo. Huwezi kuingia mji ulio na ndugu yako ukapita mlango wake. Ukiingia, kuku anachinjwa. Akichinjwa unakula, hata kama umetoka kula mwingine nyumba iliyotangulia. Kukataa ni kutukana. Mwanamume mgeni hupewa firigisi, ndiyo heshima yake, na sasa najua kwa nini Baba Nafula hajawahi kulalamika.

Nasimiyu hakungoja. Kabla chai yangu haijapoa alikuwa ameshaandika ratiba yake ya Jumamosi kwenye grupu. Saa tatu asubuhi Changamwe kwa mjomba, saa sita Mikindani kwa shangazi, saa tisa Likoni kwa binamu, jioni kwake Kisauni. Nyumba nne, kuku wanne. Chini kabisa akaongeza: "Bahari mtaiona mkivuka feri."

Mtaiona mkivuka feri.

Hilo nalijua sana. Nilipoolewa tulienda huko kutambulishwa, siku mbili, nikala kuku watano. Bahari niliiona dirishani tukivuka daraja, nimeshika tumbo. Niliporudi niliwaambia marafiki zangu wa Ziwani kwamba niliogelea. Ulikuwa uongo, na leo ndiyo mara ya kwanza naukiri.

Mimi naweza kukosa tena. Nafula hapana. Muhula uliopita mwalimu aliwaambia wachore bahari, naye akachora tangi la maji la buluu, lile lililo juu ya paa la ploti yetu, akaweka samaki wawili ndani. Wenzake wakamcheka, akarudi nyumbani analia. Jana nikimwogesha kwa maji ya mtungi akaniuliza, "Mama, kwani bahari pia hufungwa Alhamisi?" Maana hapa kwetu mfereji wa maji hufungwa Alhamisi, na siku zingine hutoka ukipenda wenyewe. Nikamwambia bahari haifungwi. Nikamwahidi ataingia mpaka magotini.

Na saa nne hiyo, maji yakikupwa, mtoto wangu atakuwa Changamwe kwenye kochi lenye vitambaa, anaambiwa amalize paja.

Leo asubuhi nikafanya ubaya. Kwanza niliandika kwamba Wekesa ana tetekuwanga, hatutaweza kupitia kwa watu. Nikafuta. Mtoto hasingiziwi ugonjwa, unaweza kumjia kweli. Halafu nikaandika ukweli, na ukweli ukatoka mbaya kuliko uongo: "Jumamosi saa nne tutakuwa ufuoni. Tunakuja baharini, hatuji kula."

Nikautuma kwenye grupu, nikaiweka simu kifudifudi mezani.

Saa saba Baba Nafula akanipigia kutoka kazini, mashine zikipiga kelele nyuma yake. "Umewaambia watu wetu hatuli kwao. Sasa mimi nitaingilia mlango gani tena?" Nikamwambia aingilie wowote, firigisi inamngoja. Akakata simu.

Sijutii. Sawa, najutia kidogo. Nawajutia wale wazee wa Changamwe, ambao hawajanikosea kitu. Lakini Nasimiyu, aliyenipangia maisha tangu siku ya harusi, aliyeonja ugali wangu mbele ya mama mkwe akasema ni uji uliochoka, huyo simjutii hata kidogo.

Saa kumi akanitumia ujumbe wa sauti, kwangu peke yangu. Niliuacha nusu saa. Nilijua ni matusi na nilitaka kwanza nimalize kukunja nguo.

Hayakuwa matusi. Nilisikia maji yakimwagika kwenye karai, kwa sababu yeye hufua mashuka katika nyumba moja ya wageni kule Nyali na alikuwa bado kazini.

"Mama Nafula, umenikasirisha, nakwambia wazi. Lakini nikuulize kitu. Huu ni mwaka wa tisa nafua hapa. Kila shuka nikilikung'uta linatoa mchanga, naufagia mpaka mlangoni. Huko mchanga unakotoka sijawahi kufika. Niende na nani? Mtu mzima akakae kando ya maji peke yake, watu waseme amefiwa? Na nyinyi msipopita kwetu, hakuna mwingine anakuja. Hiyo saa nne yenu, kuna nafasi?"

Nimeusikiliza mara tatu. Nilitafuta kiburi ndani yake nikakikosa, na hilo limeniudhi zaidi, maana nilikuwa na maneno mengi tayari na sasa sina pa kuyapeleka. Bado simpendi. Ule ugali sijausahau. Lakini miaka tisa mtu anafagia mchanga wa bahari ya watu wengine, na mimi nilidhani mwenye kunyimwa bahari ni mimi.

Nikamjibu: "Njoo saa tatu na nusu. Wazee tutawapitia jioni, chai tu, nitawaomba msamaha mwenyewe. Na kuku abaki nyumbani."

Haikupita dakika.

"Atabakije nyumbani na kaka yangu amekuja? Nitamchemsha Ijumaa, nimlete ufuoni na hotpoti."

Nafula ameniuliza nacheka nini. Nikamwambia sicheki, akavae soksi, kuna baridi. Baba yake ameingia sasa hivi, hajanisalimia, na mimi sijamwambia kwamba firigisi yake imepatikana. Ataijua huko huko.

Kwa hivyo Jumamosi, Mungu akipenda, mtoto wangu atakuwa majini mpaka magotini, nami nitakuwa nimeketi mchangani kama nilivyopanga, kando ya Nasimiyu, nimeshika paja. Sasa huyu mtu nitaendelea kumchukia vipi, mdomo wangu umejaa kuku wake?