Filimbi Niliyopuliza kwa Mazoea ya Kwetu

Alhamisi, kiangazi, 1984. Kijijini, Kahama.
(Nimenakili kutoka daftari langu la miaka hiyo.)

Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye unga. Nimefagia uwanja mara tatu na sijui nafagia nini. Siwezi kukaa.

Juzi mchana niliona watu wawili nisiowajua wakiswaga maksai wa Mama Kulwa, jirani yetu, kuelekea porini. Mama Kulwa ni mjane, na hao maksai wawili ndio wanaomlimia. Filimbi ya sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, nilikuwa nayo shingoni, kama kila mtu mzima hapa. Nikapuliza fupi tatu, tena na tena. Kijiji cha pili wakaipokea, wakaipeleka cha tatu.

Kwetu Ushirombo fupi tatu ni wezi. Hapa fupi tatu ni moto. Wezi ni ndefu moja, fupi mbili.

Watu wakaja mbio na ndoo na matawi mabichi. Msimu huu kila mtu anachoma mabua ya pamba, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Pinde waliziacha nyumbani. Walipozirudia, maksai walishavuka kilima, na vijiji vya mbele navyo vilikuwa vinatafuta moshi. Mpaka leo hawajaonekana.

Mimi hawanilaumu. Wanasema bibi harusi wa miezi miwili ni mgeni, kosa ni la mama mkwe. Ndio utaratibu wa hapa: mwenye nyumba humfundisha mgeni wake milio yote. Kesho asubuhi Mama anaitwa mkutanoni, na wameshaanza kusema atengwe. Ukitengwa husalimiwi, hupewi hata kaa la moto, na ukifiwa unazika peke yako.

Lakini alinifundisha.

Siku ya pili tu ya kufika alinikalisha jikoni, akanipulizisha mpaka mashavu yakauma, huku akinicheka kwamba napuliza kama mtu anayepoza uji. Nilijua vizuri kabisa. Juzi hofu ilinishika, vidole na mdomo vikafanya mambo ya kwetu. Na siku mbili hizi nimenyamaza, kwa aibu, na kwa woga wa kurudishwa kwa baba yangu.

Leo nikamfuata akichambua mlenda.

"Mama, waambie ukweli. Ulinifundisha."

Hakuinua kichwa. "Mimi wamenizoea, watachoka kuninunia. Wewe hata hawajakujua, mwanangu. Utaanzia wapi?"

Kisha akaniuliza kama maji yameshachemka.

Nimemkasirikia. Heri angenitukana. Nimezunguka nyumba hii kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila ninapopita namwona bado anachambua mlenda wake, taratibu, jani kwa jani.

Wakimwita kesho, atakayesimama ni mimi. Nimeandika kwa wino ili nisiweze kufuta.