Doa la Kijivu Ukutani mwa Kaburi

Jumatatu, 3 Februari
Faza. Vipindi vitatu vya baiolojia, kisha nyumbani kupanga bahasha za kuvumwani, hivi viganda vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti, nusu kuvu nusu mwani. Nimefika bahasha ya arubaini na moja. Shemeji anasema nakusanya upele wa kuta. Hajakosea sana.

Alhamisi, 6 Februari
Daktari, mtafiti wa kuvumwani niliyempelekea sampuli, amepiga simu kutoka Nairobi. Kile kiganda cha kijivu chenye ukingo wa waridi, nilichokibandua kwenye kaburi la kale mjini Pate, hakifanani na chochote kilichowahi kuandikwa. Huenda ni spishi mpya! Lakini nilimpelekea kipande kama ukucha tu, maana niliona haya kukwangua kaburi la watu, na chote kimeishia kwenye vipimo. Bila sampuli ya kuhifadhi, haitambuliwi. Anakuja wiki ijayo kuichukua mwenyewe. Nimefurahi mpaka nimeunguza wali.

Jumamosi, 8 Februari
Pate, kwa bodaboda. Nimezunguka kuta zote za jirani. Hakuna. Kiko kaburini tu, upande wa kibla, ukubwa wa sahani.

Kisha kwa Bi Khadija, mjukuu wa mwenye kaburi, kuomba ruhusa. Nimekula, nimekunywa, nimesema wasomi wa Nairobi wanakuja kulitazama kaburi la babu. Alitokwa na machozi ya furaha. Kuhusu kiganda sikusema. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba wanafuata uchafu ulioota juu ya babu yake? Nitaeleza siku yenyewe, taratibu.

Jumatano, 12 Februari
Kusahihisha mitihani. Akili haipo. Nilipaswa kumpigia Bi Khadija nimweleze. Nimeahirisha tena.

Jumamosi, 15 Februari
Kaburi ni jeupe pe.

Wamelisugua siku tatu, yeye na binti zake, kwa makumbi na brashi za waya. Kisha chokaa, mikono miwili. Daktari alisimama na kamera shingoni. Bi Khadija alinishika mkono.

"Wageni hawawezi kuya wakaona babu hana wenyewe."

Nikamwambia limependeza. Na kweli limependeza. Nilitaka kulia nikashindwa, maana tayari tulikuwa tumeandaliwa biriani. Nimekula sahani nzima. Najichukia.

Jumapili, 16 Februari
Tumekagua magofu tangu asubuhi. Kuta, visima, mawe ya mashambani. Viganda vya manjano tele, vya kawaida. Chetu hakuna.

Daktari ameondoka na boti ya kwenda Amu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliuliza tu kama wenye kaburi walijua tunatafuta nini. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akavaa jaketi la kuokolea.

Sentensi moja tu ingetosha. Bi Khadija angenicheka, labda angenitangaza mtaa mzima. Basi.

Jumatano, 19 Februari
Bi Khadija amepiga simu kuuliza kama wageni walifika salama, na kama waliridhika. Nimesema waliridhika.

Daktari anataka maelezo mafupi ya kufungia faili. Mahali: Pate, kaburi la kale. Hali: hakipo tena. Sababu: kimesafishwa na wenyeji. Nikaisoma mara mbili. Nikafuta. Nikaandika: mkusanyaji hakuwaambia.

Nimeyatuma baada ya kipindi cha pili, kisha nikaenda darasani.