Miguu Miwili Mifupi

Jumatatu, 3 Februari

Nimepiga deki tena. Maji yanasimama pale pale nilipoyamwaga. Kule Bahati, tulikohama mwezi uliopita, nilikuwa namwaga ndoo nyuma ya chumba, fagio mara mbili, maji yanatoka yenyewe mlangoni. Hapa napiga magoti na tambara. Mafundi wa siku hizi hawajui kujenga. Nimemwambia binti yangu Wangari, akanijibu, "Mama, nyumba haina shida. Shida ni wewe kumwaga ndoo nzima." Na nimemzaa mwenyewe.

Lakini choo kiko ndani. Jua la asubuhi linaingia hadi kitandani. Nashukuru, sikatai.

Kesho vitu vyangu vinarudi kutoka kwa Mutua, fundi seremala wa Gikomba anayevikarabati. Meza, viti vinne, kabati. Mwezi mzima tumekula sahani zikiwa mapajani.

Jumanne, 4 Februari

Vimekuja kwa mkokoteni, Mutua na vijana wake wakavibeba ngazini hadi orofa ya tatu. Nimewafuata nyuma nikiwagombeza kila kona. Hakuna kilichokwaruzwa.

Sikujua meza ile ina rangi ile. Masizi ya stovu yameondoka, na ile rangi ya kijani niliyoipaka mwenyewe Wangari akianza shule. Mvule mtupu, unang'aa kama mtoto aliyepakwa mafuta. Baba mkwe aliitengeneza kwa mikono yake akatupa tulipooana. Nimelia kidogo jikoni. Hakuna aliyeona.

Halafu nikaweka chungwa juu yake. Likabingirika hadi ukutani, likaanguka.

Miguu miwili ya nyuma ni mifupi. Kidole kizima. Nimemuuliza Mutua nani alimtuma kukata. Akasema, "Mama, nimeikuta hivyo. Nilidhani unajua." Nikamwambia asiniletee uongo nyumbani kwangu. Miguu ilioza, akakata, akanyamaza. Nimekula juu ya meza hii miaka arobaini na nane na haijawahi kumwaga hata uji. Alishuka bila kunywa chai.

Alhamisi, 6 Februari

Wangari amekunja makaratasi ya unga akayaweka chini ya miguu. Nimeyatoa. Meza ya baba mkwe wangu haitavaa karatasi.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada akina mama wa chama chetu waliniuliza habari za nyumba mpya. Nikawaambia choo, maji, jua. Kisha nikawaambia ya Mutua. Nikasema anaharibu vitu vya watu, na ukimuuliza anadanganya. Mama Kioko alikuwa ampelekee kitanda cha marehemu mama yake wiki hii. Akasema basi, hampelekei. Wengine wawili wakasema hata wao hawatamkaribia.

Nikaona nimesaidia watu. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemwaga ndoo. Mazoea. Nikasimama na fagio nikingoja maji yaende. Hayakwenda.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Sakafu ya Bahati ilikuwa inainamia mlangoni. Ndiyo maana maji yalikuwa yakitoka. Wiki tulipoingia chumba kile nilikuwa na mimba ya Wangari, na kila kikombe kilikuwa kikitelezea mlangoni. Baba Wangari akaweka karai la maji juu ya meza, akachukua msumeno, akakata miguu ya nyuma. Akatazama maji, akakata tena kidogo. Mimi ndiye niliyeshika meza. Mimi mwenyewe. Nilimgombeza siku nzima kwa kukata kazi ya baba yake.

Nimekaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Nimemchafulia jina mtu asiye na kosa.

Jumanne, 11 Februari

Nimetembea hadi Gikomba. Mutua alikuwa akipiga msasa mlango wa kabati. Kando yake kuna mahali pamefagiliwa, peupe. Nikajua ni pa kitanda cha Mama Kioko.

Akanivutia kigoda. "Keti, mama. Kama umekuja kunimaliza, nimalize umekaa."

Sikuketi. Neno samahani sijalizoea. Nililisema nimesimama, mbele ya vijana wake wote. Akasema aliona wazi kwamba si kuoza. Aliyekata alipima, ndiyo maana yeye hakuigusa miguu hiyo. Kisha akasema wateja watatu wamempigia simu kukataa kazi, hajui wamesikia wapi.

Nikamwambia wamesikia kwangu.

Alipangusa vumbi la mbao mikononi. Halafu akasema atakuja Ijumaa na vipande viwili vya mvule. Viatu vya miguu ya nyuma. Hatakata ya mbele. Nilikuwa naogopa kumwomba asiikate.

Jumapili, 16 Februari

Nimesimama mbele ya akina mama nikasema yote. Magoti yaliuma, mdomo uliuma zaidi. Mama Kioko akauliza, "Kwa hivyo mwongo ni wewe?" Nikasema ndiyo. Wengine wakatazama viatu vyao. Yeye akasema hataki maneno tena, atangoja aione meza kwa macho yake.

Nikawaalika Jumamosi.

Jumamosi, 22 Februari

Wamekuja saba. Wangari alipika chapati, nami nikalaumu ugumu wake, zote zikaisha. Mama Kioko hakugusa chai kwanza. Alipiga magoti na kitenge chake kizuri, akaingia chini ya meza, akapapasa viatu vya Mutua. Huwezi kuona vimeungwa wapi. Akatoka, akachukua chungwa kwenye bakuli, akaliweka katikati ya meza. Tukalitazama sote kama wajinga.

Halikwenda popote.

Wakaomba, wakaibariki nyumba. Walipoondoka Wangari akanishika mkono.

Alhamisi, 27 Februari

Nimeenda Gikomba kununua mboga ya sukuma wiki. Nikapitia kwa Mutua. Pale palipofagiliwa pana kitanda, kimefunguliwa vipande, msasa umeanza. Hakuniona. Sikumwita.

Nimepiga deki kwa nusu ndoo na kukausha kwa tambara. Jua limefika kwenye meza. Chungwa la Mama Kioko bado liko pale. Wangari anataka kulila. Nimemkatalia.