Ati Ni Muhuri Tu

Nyumbani kwangu,
Juu ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa baridi limetulia. Mkaza mjomba hajambo? Na mapacha je, bado wanagombania kiti cha mbele cha gari? Sisi huku afya tunazo. Kilichobaki ni hasira, na ndiyo iliyonikalisha kwenye meza hii.

Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Ningeanza tu kusema, ungeniita "Injinia wetu", ungecheka kile kicheko chako, na mwisho ningejikuta ninacheka na mimi. Kwenye karatasi huna pa kunichekeshea. Tafadhali uisome yote kabla hujampigia Kaka.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia. Umesema nisiivunje familia kwa ajili ya wino, ati ni muhuri tu. Mjomba, hilo neno "tu" limenikaa kooni. Kaka naye kasema aligonga tu. Karani wangu kalia machozi akisema alimpa tu, si ni kaka yangu? Kila mtu ana "tu" yake ya kujifichia, lakini leseni iliyosimamishwa ni yangu peke yangu.

Nina wasiwasi umeelezwa nusu, kwa hiyo nakupa yote. Michoro ya nyumba yako ya kupangisha, hiyo uliyomweka mama, niliichora mimi: chini, na ghorofa moja juu yake. Msingi na nguzo nilizikadiria kwa mzigo huo, si zaidi. Baadaye ukatamani ghorofa ya pili, na tangi kubwa la maji juu ya paa. Mtu wa kuulizwa nilikuwa mimi. Wewe ukamuuliza Kaka, na Kaka, aliyeanza kujiita Kontrakta siku aliyonunua kofia ya plastiki, akakujibu hakuna tatizo.

Akatafuta mchoraji wa kumwongezea sakafu kwenye karatasi. Kisha akaja ofisini kwangu nikiwa safarini, akamwambia karani, "Dada kasema nichukue muhuri." Karani akafungua droo akampa. Angekuwa mtu baki angefukuzwa mpaka barabarani, lakini huyu ni wa nyumbani, na kwetu wa nyumbani haulizwi.

Muhuri wa mhandisi una jina lake na namba yake ya usajili. Ukigongwa, maana yake mwenye jina hilo ameikagua kazi na yuko tayari kulala chini ya hiyo sakafu yeye na wanawe. Mimi nikishagonga husaini juu yake, kalamu ivuke ukingo wa wino. Kaka alisaini pembeni, kwa herufi za mviringo kama anaandika kadi ya harusi. Na manispaa wakapitisha! Nao nimewasema, usidhani hasira zangu zimeishia kwenu.

Nilijuaje? Nilikwenda kumsalimia mama, mlango wa jikoni ukakataa kufunga. Akaniambia Kaka ameshaupiga randa na bado unakwama. Nikatazama juu. Karibu na nguzo, pale boriti inapokalia, kulikuwa na kalenda, imetundikwa juu kabisa ambako hata twiga angesoma tarehe kwa shida. Nikapanda kiti nikaitoa. Nyufa za lipu nazijua, Mjomba. Ufa huu ulikuwa umepanda mshazari ndani ya boriti yenyewe, na Kaka alikuwa ameufunika kwa kalenda.

Nikaenda manispaa, nikaomba kuiona michoro, nikakuta jina langu. Siku hiyohiyo nikaenda kwenye Bodi ya wahandisi nikajiripoti. Ndiyo, ni mimi, si adui yangu wala mpangaji mwenye kinyongo kama ulivyoambiwa. Leseni wakaisimamisha mpaka kikao, na hiyo ni haki yao. Sasa siwezi kusaini hata choo cha shimo. Zahanati niliyokuwa naisimamia nimemkabidhi mwenzangu, na mafundi wake wananisalimia kama mfiwa.

Ndipo familia ikakaa. Wakubwa wote wakanieleza kwa upole ule wa kumbembeleza mgonjwa anywe dawa. Niseme niliipitia michoro mwenyewe, ila nilikuwa na haraka. Bodi itanipa onyo, Kaka atabaki na kazi yake, na mambo yataishia nyumbani. Niliwauliza, na boriti nayo itaishia nyumbani? Kaka aliniita msaliti, akabamiza mlango. Nashukuru haukuwa wa jikoni kwa mama.

Kikao ni Alhamisi. Nitasema nani alichukua muhuri, nani aliugonga, na nani aliagiza ghorofa ya pili. Ninakutangulizia hili kwa heshima, usije ukalisikia kwa watu. Nakumbuka vizuri kwamba kitabu changu cha kwanza cha hesabu ulininunulia wewe. Kwa sababu hiyohiyo inaniuma kwamba hesabu ilipofika kwenye nyumba yako mwenyewe, ulimpelekea mwingine.

Lakini leseni siyo iliyonifanya nikae kuandika. Leseni hata wakiifuta nitalia, nitakaa, nitaanza upya. Naandika kwa sababu ya mama.

Wapangaji wote wametoka. Fundi cherehani wa juu kashusha mashine yake, mwalimu kahamisha familia. Tangi nimelimwaga mwenyewe, na boriti tumeiegemeza kwa vyuma vya muda. Vyuma hivyo ni vya kuwapa watu nafasi ya kuhama. Havikuwekwa ili mtu aendelee kupika chini yake. Mama anapika chini yake. Kaninginiza hapo na vitambaa vya vyombo vikauke.

Nimemwomba, nimefoka, nimepiga magoti. Ananiambia hata uso wake una nyufa na bado amesimama. Anacheka, Mjomba, kicheko chenu kilekile. Nikizidi kumsumbua ananijibu hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Mdogo wangu ndiye aliyeniweka hapa. Wewe una ugomvi na kaka yako. Mdogo wangu akiniambia nitoke, nitatoka."

Kaka hawezi kumwambia, maana akimtoa mama atakuwa amekiri. Mimi haniamini, maana mmeshamjaza kwamba nagombania muhuri. Umebaki wewe.

Usimweleze habari za Bodi. Usimweleze nani mkosaji. Hayo tutayamaliza sisi Alhamisi. Mpigie leo, ukishaiweka barua hii chini, umwambie, "Dada, toka." Umwambie hivyo tu. Hiyo ndiyo "tu" pekee nitakayoipokea kwako.

Chumba changu kiko tayari, kitanda nimekitandika, na mlango wake unafunga.

Nisalimie mkaza mjomba, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona gauni na ndilo nitakalovaa kikaoni. Mapacha wabusu wote wawili, wasije wakagombana. Karani wangu anakusalimu. Sikumfukuza, ila funguo za droo sasa nazivaa shingoni.

Mungu akulinde huko uliko, Mjomba, na akupe usingizi mwema. Ila leo usilale kabla dada yako hajatoka chini ya ghorofa yako.

Mpwa wako akupendaye bado,

Injinia