Majibu Yako Yalikaa Kwangu

Saidi, mdogo wangu,

Sitakuuliza hali yako huko uliko. Naijua: nilishuka kaburini mwenyewe nikakulaza kwa ubavu wa kulia. Nakuandikia kwa sababu ulikufa hujaambiwa jambo moja. Majibu ya kipimo chako yalitoka. Yalitoka mapema, na yalikuwa kwangu.

Unaikumbuka siku wahudumu wa afya walipokuja bandarini na vikopo vya kutilia choo? Ulinisimulia ukicheka hadi ukakohoa. Ulipokuwa unakirudisha kikopo chako, makuli walikupigia kelele: "Saidi, hiyo muzigo umeipitisha duane?" Nawe, wakala wa forodha wa miaka yote ile, ukawajibu: "Apana, hii ni transiti, inaenda Kigoma!" Kisha ukajaza fomu, na penye namba ya simu ukaandika yangu badala ya yako. Hukuwa na haja ya kufikiri. Tangu baba afariki, habari za ugonjwa na za ndoa katika nyumba yetu hupita kwa mkubwa, naye ndiye huchagua siku ya kuzisema.

Muuguzi alinipigia baada ya wiki mbili. "Muzee, rezilta ya Saidi si muzuri. Kuko damu yenye macho haiwezi kuona. Inaweza kuwa si kansa, lakini aje, tumutume kwa kamera." Akanieleza kamera hiyo hupitishwa wapi. Niliona aibu kwa niaba yako, na aibu ile nikaiita heshima.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumepokea mahari ya binti yako Zuhura. Kanuni yetu unaijua: tangu mahari hadi bibi harusi atolewe, nyumba haiingizwi habari ya ugonjwa, wasije wakwe wakasema ukoo una maradhi. Ilibaki miezi minne. Nikajiambia kwamba tumbo lililongoja miaka hamsini litangoja na hiyo minne.

Muuguzi alipiga mara ya pili, nikasema umesafiri. Mara ya tatu akauliza, "Muzee, umemuambia?" Nikasema nimekuambia.

Wewe uliniuliza mara moja tu, tukitoka msikitini. "Kaka, ile majibu yangu ilitoka?" Kwanza nilikusahihisha Kiswahili chako. Kisha nikakuambia bado.

Nitakuambia na lako, maana kufa hakufuti makosa yako. Ulikuwa unaona damu chooni. Mkeo Mariamu alinieleza baada ya arobaini yako. Ulikuwa unatoboa tundu jipya katika mkanda wa suruali ukimwambia kwamba kama kungekuwa na jambo, kaka angesema. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, unangoja ruhusa ya kaka yako ili uumwe! Nilikulea hivyo mwenyewe, najua. Hata hivyo nakukasirikia.

Wiki moja baada ya harusi nilikupeleka hospitali, nikijifanya nimeshtushwa na wembamba wako. Saratani ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini. Nilimwuliza daktari faraghani kama miezi minne ingebadilisha kitu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Pengine wangeweza kuikata," kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Ulipozikwa, nilikwenda kituo cha afya kugombana. Ndiyo, Saidi, nilikwenda kulaumu. Nilipaza sauti mbele ya wagonjwa kwamba wanawapima watu kisha wanawatupa. Muuguzi alifungua daftari, akaligeuzia kwangu, akasema, "Soma, Muzee. We ni mwalimu." Simu tatu zilikuwa zimeandikwa, namba yangu mbele ya kila moja, na mwisho neno moja: ameambiwa.

Siku hizi hawafanyi hivyo. Majibu mabaya anapewa mwenyewe, mkononi, na haondoki kabla ya kuandikiwa siku ya kamera. Asipofika, mhudumu humfuata nyumbani na kumwita kwa jina lake. Akitoka kaka, humwomba kaka apishe. Ni mimi niliyewashauri. Muuguzi alinitazama akasema, "Hiyo ungetuambia wakati yeye angali muzima."

Siku hiyo aliniambia pia kwamba ugonjwa huu hupenda kufuata damu, na kwamba mimi na watoto wako lazima tupimwe, watoto mapema kuliko watu wengine. Mimi nilipimwa. Hata kamera niliingizwa. Inapita mahali pa aibu, dakika chache, na aibu yenyewe huisha ukivaa nguo. Mimi ni mzima. Najua ungependa iwe hivyo, mimi sikupenda.

Lakini kuwatuma Zuhura na Idi bila kuwaambia nilichokijua, na tangu lini, kulinishinda. Mara mbili nilikwenda kwa Zuhura nikarudi kimya. Ukutani ana picha yako ya siku ya harusi, mkono umeuweka tumboni. Huwaambia wageni, "Baba alikuwa muzima kabisa siku ile." Mara zote mbili nilisema, "Kweli." Na kila siku niliyonyamaza, watoto wako walikuwa wanangoja kama ulivyongoja wewe.

Jana nilimwambia. Nilianza na simu ya kwanza, nikamaliza na daftari. Alinisikiliza bila kulia. Kisha akauliza: "Baba mukubwa, ulikula pilau yangu ukijua?"

Nikasema, "Nilikula."

Hakuniuliza la pili. Alimpigia Idi simu papo hapo, nami nimesimama mlangoni kama mgeni, wakapanga siku. Kesho watachukua vikopo. Mariamu atajua kutoka kwao, na sidhani kwamba nitaitwa tena kupokea mahari wala kuongoza msiba katika nyumba yako. Ni haki yao.

Nilipoaga, Zuhura alisema jambo moja, kwa adabu kabisa, kama ulivyomfundisha: majibu yatakapotoka, yawe mema yawe mabaya, nisiyaulize.

Lala, Saidi. Sikuombi msamaha, kwa kuwa huwezi kuukataa. Nakupa ahadi tu, nayo ni nzito kwa mtu kama mimi: sitauliza.

Kaka yako